Rubani wa Njoro na Mwenzake Aliyebaki Ardhini

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha katika shule za Kuresoi anaifahamu hali hii. Somo linaendelea, ubao umejaa maandishi, ukungu wa Mau bado haujainuka vizuri. Mara ngurumo ya ndege inasikika juu ya mawingu, na vichwa vyote vinageukia dirishani kana kwamba vimevutwa kwa kamba moja. Mwalimu mkali hugonga meza. Mwalimu mwenye hekima huweka chaki chini na kuuliza swali: ni kitu gani kinachoishikilia ile kule juu, na ni nani aliyefundishwa kuiendesha?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo ninayotaka kuijadili leo. Nitaijadili kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye dunia nzima inamjua, ila watoto wetu wengi hawajui kwamba alikulia jirani tu na hapa. Ukiteremka kutoka Kuresoi, ukaipita Molo na kuendelea chini, utafika Njoro. Huko ndiko alikokulia Beryl Markham, mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua njiani. Alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Nina sababu ya kumkumbuka. Kila baada ya miaka michache magazeti yetu huandika habari za kijana fulani wa Kenya aliyejiundia ndege nyuma ya nyumba kwa mabomba, turubai na injini ya pikipiki. Umati hukusanyika. Wengine humpigia makofi na kumwita shujaa, wengine humcheka na kumwita mwendawazimu. Siku ya kuirusha ikifika, aghalabu ndege haiinuki, na kijana hurudi nyumbani na aibu yake. Makofi hayamsaidii, wala kicheko hakimsaidii. Anachokosa ni kitu kimoja ambacho Beryl Markham alikipata: mwalimu. Aidha, kuna mtu mwingine katika kisa hiki ambaye naye hakukipata, na nitamfikia.

Beryl alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa hodari wa farasi. Alikuja Afrika Mashariki akiwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo, akafanya kazi kwa Bwana Delamere, kisha akajipatia shamba lake Njoro, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwatwalia wenyeji na kuwagawia wageni. Mama yake Beryl hakuyaweza maisha hayo. Alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na msichana huyo akabaki na baba yake kabla hajafikia umri wa kwenda shule.

Basi alilelewa na nani? Alilelewa na watu wa Njoro. Wafanyakazi wa shamba, wengi wao Wakalenjin, ndio waliokuwa jamaa zake. Aliongea Kiswahili na lugha yao, akala chakula chao, akatembea pekupeku. Mzee mmoja aliyeitwa arap Maina alimpeleka mwituni kuwinda ngiri kwa mkuki, jambo ambalo hata mabinti wa jamii hiyo hawakuruhusiwa kulifanya. Arap Maina alikuwa na mwana, kijana mdogo aliyeitwa Kibii. Kibii na Beryl walicheza pamoja, wakashindana kuruka juu na kurusha mkuki, wakajifunza kusoma nyayo za wanyama katika udongo uleule. Arap Maina aliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo havikuwa vyake. Kibii alipopita jandoni akawa mwanamume, akaitwa arap Ruta.

Ningependa msomaji aweke watoto hao wawili akilini, kwa kuwa watatembea pamoja hadi mwisho wa makala haya.

Elimu ya darasani haikumkaa Beryl. Alipelekwa shule Nairobi, akakaa muda mfupi, akaondolewa kwa utundu. Ila usifikiri kwamba hakusoma. Katika mazizi ya baba yake alijifunza kumtambua farasi mgonjwa kabla farasi huyo hajaonyesha dalili ambayo mgeni angeiona. Alijifunza kupapasa mguu kwa kiganja na kuhisi joto la uvimbe. Alijifunza kwamba mkanda uliolegea kidogo leo ndio utakaomwangusha mpandaji kesho. Hiyo ni elimu, tena elimu ya kina, kwa sababu ilimfunza kutazama. Mtu aliyezoea kumkagua farasi kila asubuhi hawezi kupata taabu kubwa kuzoea kuikagua injini.

Mnamo mwaka 1920 hivi shamba la Njoro lilifilisika. Ukame ulikuwa umeharibu hesabu zote, na baba yake akaondoka nchini kwenda Peru. Beryl alikuwa na umri wa takriban miaka 17, tayari ameolewa, na ndoa hiyo haikudumu. Alipanda farasi wake akaelekea Molo, kwenye baridi ambayo sisi wa huku juu tunaijua vyema, akaanza kazi ya kuwafunza farasi wa mbio. Alipewa leseni ya kazi hiyo akiwa bado kijana, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya. Arap Ruta alimfuata huko, akawa msaidizi wake katika mazizi. Farasi wao walishinda mbio Nairobi, na jina lililoandikwa kwenye orodha za washindi lilikuwa la mmoja wao tu.

Sasa tufike kwenye ndege.

Mwaka 1929 mwanamke aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Uwanja wa Wilson tunaoujua leo unalibeba jina lake. Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Tom Campbell Black, naye ndiye aliyemfundisha Beryl urubani. Ndege aliyojifunzia ilikuwa ya aina ya Gipsy Moth, na inafaa wanafunzi waielewe vizuri, maana ndani yake mna masomo mengi ya fizikia kuliko yanayotoshea katika vitabu vingi.

Gipsy Moth ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa. Mifupa ya mabawa yake ilikuwa vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi na skrubu; juu yake kilitandazwa kitambaa kilichoshonwa kwa uzi na kupakwa dawa iliyokifanya kikaze kama ngozi ya ngoma. Injini yake ilikuwa na silinda 4 zilizopozwa kwa upepo tu, na nguvu yake ilikuwa kama ya farasi 100. Haikuwa na kitufe cha kuwashia. Mtu alisimama mbele na kuzungusha kwa mikono rafadha, yaani lile panga la mbele, kisha akajiondoa upesi kabla halijamkata. Haikuwa na redio. Haikuwa hata na breki.

Jambo lililowatisha wanafunzi wengi zaidi ni jinsi ilivyosimama ardhini. Ndege nyingi za siku hizi zina gurudumu chini ya pua. Ndege za wakati huo zilikuwa na magurudumu mawili mbele, chini ya mabawa, na mkia wake uliegemea kipande cha chuma kilichoburuzika ardhini. Baadaye pakawekwa kijigurudumu. Ndege iliyokaa hivyo huinua pua juu, na rubani haoni kitu mbele yake. Anapokwenda polepole uwanjani hulazimika kupinda kushoto na kulia kama nyoka ili achungulie kando na kuijua njia. Tena uzito mwingi wa ndege hiyo uko nyuma ya magurudumu makubwa. Mwanafunzi wa Kuresoi ataelewa mara moja nikimwambia afikirie mkokoteni wa viazi unaoteremka mlima ukiwa umelemewa nyuma. Ukienda moja kwa moja ni salama. Ukipinda kidogo tu, ule uzito wa nyuma hutaka kutangulia mbele, na usipoudhibiti mapema mkokoteni mzima hugeuka na kupinduka. Ndege ya namna hiyo nayo ikipinda wakati wa kutua, mkia hutaka kuipita pua. Rubani huizuia kwa miguu yake, akikanyaga pedali za usukani kidogo upande huu, kidogo upande ule, bila kukoma, mpaka ndege isimame kabisa. Anayedhani kwamba kazi imekwisha kwa kuwa magurudumu yamegusa ardhi ndiye anayevunja bawa.

Isitoshe, kuna suala la kimo. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, Njoro iko juu zaidi ya meta 2,000, na nyanda za Kuresoi zinapanda kupita hapo. Kwenye kimo cha meta 2,400 hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Injini hupata hewa kidogo, kwa hiyo nguvu yake hupungua. Rafadha hushika hewa nyepesi, kwa hiyo mvuto wake hupungua. Mabawa nayo huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili yainue mzigo uleule. Ndege inayohitaji uwanja mfupi Mombasa itahitaji uwanja mrefu zaidi huku kwetu. Kijana aliyejiundia ndege huku milimani, akaiona haiinuki, pengine hakukosea kila kitu. Pengine hakuna aliyewahi kumwonyesha hesabu hiyo.

Campbell Black alikuwa mwalimu wa namna ya pekee. Hakuwa na maneno mengi, wala hakuwa na haraka ya kumrekebisha mwanafunzi. Siku moja alimwacha Beryl aielekeze ndege kwenye Milima ya Ngong. Upepo unaoteremka mlimani uliikamata ndege na kuanza kuisukuma chini, na kila alipojaribu kuiinua ilizidi kuzama huku mlima ukikaribia. Mwalimu aliyaona hayo tangu mwanzo. Alingoja mpaka mwanafunzi ametambua mwenyewe kwamba ameshindwa, ndipo akashika usukani, akaigeuza ndege kuelekea penye nafasi, na kumweleza kilichotokea. Somo la namna hiyo halisahauliki. Alimfunza pia kuiamini dira hata pale hisia zake zote zinapomwambia kwamba dira imekosea, kwa sababu hisia za binadamu aliye mawinguni hudanganya.

Mwezi Mei mwaka 1931, Beryl akiwa bado mwanafunzi, mauti yalimkaribia sana. Rafiki yake Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, alimwalika waende pamoja Voi kwa ndege yake ya Gipsy Moth. Campbell Black alimsihi asiende siku hiyo, naye akatii. Tarehe 14 Mei ndege hiyo ilipaa kutoka Voi, ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton alikufa. Alikufa pia mtumishi wake, Kamau, ambaye vitabu vingi humtaja kwa nusu sentensi au humsahau kabisa. Mwanafunzi mwingine angeacha masomo. Beryl aliendelea, na katikati ya mwaka huohuo aliirusha ndege peke yake na kupata leseni yake ya kwanza.

Mwaka 1932 aliiendesha ndege yake ndogo ya aina ya Avian peke yake kutoka Nairobi hadi Uingereza, safari ndefu ya kuupita Mto Nile na Bahari ya Kati bila redio. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa leseni ya biashara, ile iliyomruhusu kubeba watu na mizigo kwa malipo. Hapa nawaomba walimu watege sikio. Mtihani huo haukuwa wa kupaa na kutua tu. Mtahiniwa alitakiwa aweze kuifungua injini, kusafisha vijitundu vya kabureta, kubadilisha vichujio, na kuyaelewa aliyoyaona humo ndani. Leseni yake ilitegemea mikono iliyopakaa oili sawasawa na ilivyotegemea macho na moyo.

Wala haikuwa kazi ya mtihani pekee. Ndege ya mbao na kitambaa haimngoji fundi wa mjini. Kila asubuhi rubani huizunguka kwa miguu. Hukipapasa kitambaa kutafuta mpasuko. Hugonga mbao na kusikiliza mlio, kwa kuwa mbao iliyooza husikika tofauti na mbao nzima. Hutikisa nyaya za mabawa, hutazama kama gundi imeachia, huchungulia kama panya hawakujenga kiota mkiani wakati wa usiku. Humwaga petroli kidogo kutoka chini ya tangi ili aone kama maji yameingia, maana tone la maji lililogusa kabureta huweza kuizima injini pasipo mahali pa kutua. Hutoa plagi, huzisafisha, huzirudisha. Ni kazi isiyo na makofi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika urubani ukuta huo mara nyingi huwa ni wa kaburi.

Katika kazi hiyo Beryl hakuwa peke yake. Arap Ruta aliondoka naye kwenye mazizi, akaja naye kwenye ndege. Aliyekuwa ameshika hatamu za farasi sasa alishika kitambaa cha kufutia mabawa. Alijua ndege hiyo inavyoandaliwa kwa safari, akaingoja uwanjani irudi, na ilipochelewa akaendelea kungoja. Beryl alibeba barua na abiria, akapeleka watu kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega. Usiku mmoja alipaa kutoka Nairobi kupeleka mtungi wa oksijeni kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mahututi huko Nungwe, kusini mwa Ziwa Viktoria, akatua kwa mwanga wa mioto iliyowashwa kandokando ya kiwanja. Rubani mwenzake alipopotea Serengeti, yeye ndiye aliyemtafuta hadi akampata. Aliwatafutia pia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani. Kazi hiyo ilimlipa vizuri, lakini hatuwezi kuisifu leo, nasi tunajua ndovu wetu wamepungua kiasi gani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Kisha ikaja safari iliyompa jina. Tajiri mmoja mlowezi, John Carberry, alimwazima ndege mpya ya aina ya Vega Gull, iliyojengwa kwa mbao, yenye injini ya nguvu za farasi 200 na gurudumu la mkia. Ndani yake yalitiwa matangi ya ziada ya petroli yaliyojaza nafasi ya abiria. Hayakuwa na vipimo vya kuonyesha petroli iliyobaki. Rubani aliagizwa aliache tangi moja liishe kabisa, injini inyamaze, ndipo afungue jingine kwa mkono. Hapakuwa na redio.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Upepo wa mahali hapo huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo aliyekwenda kama yeye aliupinga upepo njia nzima, na muda wote huo petroli ikiliwa. Jim Mollison alikuwa ameuvuka upande huo peke yake mwaka 1932, lakini alianzia Ailandi, ambako njia ni fupi zaidi. Usiku, juu ya bahari yenye dhoruba, tangi la kwanza liliisha na injini ikanyamaza. Ndege ikaanza kushuka gizani. Beryl alipapasa, akafungua tangi lililofuata, na injini ikawaka ndege ikiwa imebakiza kimo kidogo sana juu ya mawimbi. Mtu ambaye mikono yake haikujua kila kitu kilipo asingefika asubuhi.

Asubuhi aliiona nchi kavu. Lakini injini ilianza kukatakata. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, petroli ikashindwa kuteremka ingawa ilikuwepo. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hili kwa chupa ya maji na mrija: ziba hewa isiingie, na maji yatasita kutoka. Alijitahidi kuivusha ndege hadi nchi kavu ya Nova Scotia, Kanada, akaitua mahali palipoonekana kama uwanda, kumbe ni kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikasimamia pua. Alitoka akiwa na jeraha kichwani, baada ya zaidi ya saa 20 angani. Hakufika New York kwa ndege ile, lakini jiji hilo lilimpokea kwa shangwe. Wiki mbili baadaye zilimfikia habari za msiba: Tom Campbell Black, mwalimu wake, alikuwa ameuawa tarehe 19 Septemba katika uwanja wa ndege wa Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa bado ardhini.

Maisha yake yaliyobaki nayapitia upesi. Alikaa Marekani miaka kadhaa, na mwaka 1942 kikatoka kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night, ambacho kilisahaulika kwa miaka mingi, kikachapishwa upya mwaka 1983 na kusifiwa duniani kote. Wapo wanaodai kuwa mumewe wa tatu, aliyekuwa mwandishi, alikuwa na mkono mkubwa katika kitabu hicho. Mjadala huo bado unaendelea. Alirejea Kenya, akarudia kazi yake ya ujana, na farasi aliowafunza walishinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Alikuwa na dosari zake. Alioa ugomvi na fedha, hakumlea mwanawe wa pekee, na watu wengi aliwaacha na majeraha. Hatumkumbuki kama mtakatifu.

Tunamkumbuka kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali. Watoto wawili walikulia shamba moja la Njoro. Walirusha mkuki uleule, wakasoma nyayo zilezile, wakawafunza farasi walewale, wakaitunza ndege ileile. Kwa ujasiri hawakupitana. Kwa jicho la kuona kilichoharibika, sidhani walipitana. Mmoja aliandikwa katika historia ya dunia. Mwingine alibaki uwanjani, akiitazama ndege ikiwa nukta angani, akingoja irudi aifute vumbi. Tofauti yao haikuwa kipaji. Mmoja alipewa mwalimu, mwingine alipewa kitambaa cha kufutia.

Wala haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 1939 Bwana Maurice Egerton, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa Waingereza wa mwanzo kabisa kupata cheti cha urubani mwaka 1910, alianzisha chuo cha kilimo hapohapo Njoro. Kilikuwa cha vijana wa Kizungu pekee. Arap Ruta angeweza kufagia sakafu yake, lakini asingeweza kuketi katika madarasa yake. Milango hiyo ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo Chuo Kikuu cha Egerton kinawafunza watoto wa Kuresoi pamoja na wa pembe zote za nchi. Mlango ulipofunguka, vipaji vilionekana. Katika urubani pia imekuwa hivyo: mwaka 2014 Mkenya, Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa ndege kubwa ya Boeing 787.

Ni kweli kwamba mlango wa rangi umefunguka. Lakini upo mwingine ambao sisi walimu huufunga wenyewe bila kujua. Tunaufunga tunapofungia vifaa vya maabara kabatini tukiogopa vitavunjika, na kuwaachia wanafunzi picha zake ubaoni. Tunaufunga tunapomwambia msichana aache spana kwa mvulana. Tunaufunga tunapomrekebisha mtoto kabla hajapata nafasi ya kuliona kosa lake, kinyume cha alivyofanya Campbell Black pale Ngong. Na tunaufunga tunapomfundisha mwanafunzi kupenda kupaa bila kumfundisha kukagua. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatutaka tufunze kwa mikono. Lakini mtaala ni karatasi, na karatasi haiwezi kumkabidhi mtoto bisibisi.

Kwa hivyo kijana wa huku kwetu anayejiundia ndege nyuma ya nyumba, tusimpigie makofi tu, wala tusimcheke. Tumtafutie fundi wa kumwonyesha jinsi gundi inavyoshika na jinsi inavyoachia. Tumtafutie mwalimu wa fizikia wa kumpigia hesabu ya hewa nyepesi ya Mau. Tumwelekeze kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege, ambayo lazima iikague ndege yake na kuitolea idhini kabla haijapaa, na tumfahamishe kwamba ukaguzi huo si dharau kwake. Beryl Markham alikaguliwa. Aliyekagua zaidi kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe, kila alfajiri, kabla jua halijachomoza.

Ndege itakapopita tena juu ya Kuresoi, na watoto wakageuza vichwa dirishani, mwalimu asigonge meza. Awaache watazame. Kisha ageuke na yeye awatazame wao, mmoja baada ya mwingine, ajiulize ni yupi kati yao aliye arap Ruta, naye atampa kitu gani mkononi.